Tupeane uzoefu: mliowapeleka watoto kwenye sehemu za historia, Shilatembo, Bunkeya na kwingineko, mliwaambia nini?

Mama wa Katuba
Wandugu wa Lubumbashi, hamjambo. Tarehe 16 na 17 Januari nchi nzima inapumzika, moja kwa ajili ya Muzee Laurent-Désiré Kabila, ya pili kwa ajili ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza. Kwangu hizo zilikuwa siku za kufua na kulala. Mwaka huu mwanangu wa miaka kumi alirudi shule akaniuliza, "Mama, ni kweli Lumumba walimuulia huku kwetu?" Ndiyo. "Sasa siye tulishaenda?" Nilinyamaza. Nimezaliwa Katuba, nina miaka 41, na Shilatembo, pale alipouawa, iko kama kilomita 50 tu.

Basi tukaenda. Gari ya kaka yangu, watu saba, sufuria ya bukari (ugali), kuku, kandolo (viazi vitamu) za kuchemsha, kidumu cha kinywaji cha munkoyo. Ungedhani tunaenda arusi. Kwenye njia ya Likasi kaka akasogea pembeni kupisha lori la madini, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, tairi mbili zikazama mpaka katikati. Vijana walitokea porini sijui kutoka wapi, wakatusukuma kwa bei waliyoipanga wao. Gauni langu la sikukuu mpaka leo lina rangi ya njia ile.

Kufika, nilidhani watoto watakimbiakimbia. Hapana. Pori la miombo, mvua inadondoka kwenye majani, kimya. Nikawaeleza nilichojua: usiku wa 17 Januari 1961 waliletwa watu watatu, si mmoja. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wakapigwa risasi mmoja baada ya mwingine. Mdogo akauliza, "Nani aliwapiga?"

Hapo nilikwama kuliko gari. Wabelgiji walikuwepo, lakini askari wa Katanga na mawaziri wa Katanga walikuwepo pia, na babamkwe wangu mpaka anazikwa alimwita Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo, "Prezida". Nilijibu "Wazungu", nikafungua sufuria ya bukari. Najua sikusema yote. Nyinyi mlisema nini?

Papa Mapacha
Mama, kosa la kwanza ni Januari. Sisi tulingoja vakansi kubwa, Julai. Vumbi, ndiyo, lakini gari halizami. Bebeni sweta, asubuhi ya Julai huku kwetu si mchezo, na maji ya kunywa ya kutosha. Kuhusu maswali, mapacha wangu waliuliza kama kuna nyoka. Hilo tu.

Mwalimu Mstaafu, komini ya Kenya, Lubumbashi
Mama, usijilaumu, ila "Wazungu" peke yake haitoshi. Mimi nimewapeleka wanafunzi, na sasa wajukuu. Siku zote ninaanzia barabara ya Luano, kwenye uwanja wa ndege, si porini. Ninawaambia ndege ilitoka Moanda, ikatua hapa kama saa kumi na moja jioni, wafungwa wameshapigwa vibaya humo ndani. Wakapelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji aitwaye Brouwez, si mbali na uwanja. Tshombe na mawaziri wake wakakaa kikao. Kabla ya saa nne usiku wote watatu walikuwa wamekufa. Watoto wanahesabu vidole: masaa matano tu. Baada ya hapo hakuna haja ya kuwahubiria.

Tukirudi mjini ninawapitisha kwenye sanamu ya Tshombe. Simtukani, simsifu. Ninawaonyesha tu kwamba mji huu umemkumbuka huyu katikati ya mji na yule porini.

Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka minane. Februari ile redio ya Katanga ilitangaza kwamba walitoroka, kisha kwamba wanakijiji wamewaua. Baba alizima redio, akasema, "Wanakijiji gani?" Mama akamwambia anyamaze, majirani wanasikia. Somo langu la historia lilianzia pale.

Kamalondo Djuu
Bandugu, siye tuliendaka mu kamyo ya chantier, batu makumi ine, mvua ya kwenda na ya kurudi. Photo ata moja. Lakini batoto beko banasema ile safari mpaka leo.

Muyeke Safi
Nyote mnazungumzia Lumumba tu. Mama yangu ni Muyeke, na sisi kila tukipata nafasi tunapanda Bunkeya, mji wa wafalme wa Wayeke, tarehe 20 Desemba. Ni siku aliyouawa Mwami (mfalme) M'siri, 1891, baada ya kukataa bendera ya Léopold, mfalme wa Ubelgiji. Aliyempiga risasi ni Kapiteni Bodson, na Bodson naye hakutoka hai, alipigwa palepale. Sehemu hiyo ndiyo wanangu wa kiume wanaipenda, wanaicheza uani, na kila mmoja hataki kuwa Bodson.

Mimi napenda sehemu nyingine. M'siri alitoka upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo, akaja na biashara ya baba yake ya shaba, akajenga ufalme. Ninawaambia watoto: hata mfalme wetu alikuwa mgeni hapa. Inasaidia siku wanapotoka shule na yale maneno ya "wageni warudi kwao".

Angalizo: watoto wakishajua kwamba Mwami alikatwa kichwa, watauliza kiko wapi. Jiandaeni. Wazee wetu nao bado wanauliza.

Binti Ruashi
Muyeke, umenikumbusha Juni 2022, wakati Ubelgiji ilipolirudisha jino la Lumumba na sanduku likapitishwa hapa kabla ya mazishi ya Kinshasa tarehe 30. Nilisimama juani na mwanangu wa miaka sita. Akauliza kwa sauti, watu wanasikia, "Sanduku lote hilo la jino moja?" Mzee mmoja mbele yetu aligeuka. Nikadhani atamkemea. Akainama akamwambia mwili uliyeyushwa kwa asidi, na Mbelgiji aliyefanya kazi hiyo alijiwekea jino. Kwa utulivu, kama anamwelekeza duka. Mimi nisingethubutu. Mtoto usiku ule alilala vizuri, mimi ndiye sikulala.

Mwana Kasumbalesa
Mkiwa na pasi, vukeni Zambia. Karibu na Ndola kuna mahali ilipoanguka ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Septemba 1961, akienda kuonana na huyohuyo Tshombe. Lusaka mtaa wa Chilenje kuna nyumba namba 394 aliyokaa Kaunda kabla ya uhuru. Nyumba ndogo! Mke wangu alisema jiko letu linaishinda. Binti yetu alikaa akiitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini sisi tuna pori na wao wana nyumba.

Mama wa Katuba
Asanteni wote. Mwalimu, jana nilimwita mdogo nikamweleza tena, safari hii na kikao, na mawaziri, na Tshombe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Babu alijua?"

Nikamwambia babu yake alikuwa na miaka ishirini, anafanya kazi kwenye reli. Akatikisa kichwa akaenda kucheza.

Julai tunarudi, na mume wangu amesema safari hii anakuja. Papa Mapacha, sweta moja inatosha au mbili?