Naomba ushauri: takwimu za besiboli na desturi za Wrigley Field

Wakuu, habari za majukumu. Naishi Chicago, na kijana wangu wa miaka kumi ameniingiza kwenye besiboli hadi naipenda kwelikweli. Ila mambo mawili yamenishinda.

Kwanza takwimu. Kyle Schwarber, aliyewahi kuichezea Cubs, timu ya hapa Chicago, mwaka 2023 alikuwa na wastani wa kupiga wa .197, yaani kati ya majaribio kumi ya kupiga mpira, hafanikiwi hata mara mbili. Nikadhani ni mchezaji dhaifu. Lakini msimu huohuo alipiga homurani 47 (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) na kupewa besi ya bure, yaani kwenda kituo cha kwanza bila kupiga, mara 126, kwa kuwa hajaribu kupiga mpira uliorushwa vibaya. Mpigaji mwingine, Luis Arraez, msimu huo alipata wastani wa .354, homurani 10 tu. Nimejumlisha kiwango cha kufika besi na cha nguvu ya mapigo kama wengi wanavyoelekeza: Arraez yuko mbele, ila si kwa pengo kubwa.

Pili, tutakwenda Wrigley Field, uwanja wa Cubs, na tutakaa kwenye mabenchi ya mashabiki nyuma ya uzio. Pale homurani ya timu ya wageni ikitua jukwaani, mashabiki humpigia kelele aliyedaka aurudishe mpira uwanjani. Nasikia wengine huja na mpira wa akiba mfukoni, wakarusha huo.

Naomba mnisaidie: kwa mtu mpya kwenye mchezo huu, takwimu ipi moja inaonyesha thamani ya mpigaji? Na mwanangu akidaka mpira wa homurani ya wageni, mtoto huachiwa abaki nao, au nibebe wa akiba?

Natanguliza shukrani.