Tapeli analipia tangazo kwa picha za duka langu, nikiripoti naambiwa halina kosa

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimejaa hadi hapa.

Nauza mikoba na viatu vya kike kwenye mojawapo ya zile eksibisheni (majengo yaliyogawanywa vibanda vya kuuzia) za katikati ya mji wa Nairobi, upande wa barabara ya Tom Mboya. Picha napiga mwenyewe, dukani, kwa simu. Anayenijua akiziona anazitambua: vigae vya kijivu, kioo chenye ufa kwenye kona, na binti anayenisaidia kazi akiwa ameshika mkoba begani. Sasa kuna watu wamefungua ukurasa kwenye mtandao mmoja mkubwa (siutaji, wasimamizi wasije wakafuta uzi). Jina wamelikaribisha na la duka langu, picha zote ni zangu, ufa wa kioo umo, na bei ni ya kichekesho. Mkoba ninaouza 2,800 wao wanautoa kwa 950. "Ofa ya leo pekee, lipa kwanza tukutumie na bodaboda." Mkoba hakuna, na bodaboda hakuna. Kuna nambari ya simu ya kutumia pesa, ukishatuma unablokiwa.

Wizi wa picha tumeuzoea, hata jirani zangu wa hapo hapo jengoni huniibia. Kinachonichemsha ni kwamba hili ni tangazo la KULIPIA. Pale juu imeandikwa kabisa kwamba limedhaminiwa. Maana yake tapeli ametoa pesa, mtandao umezipokea, ukaenda kumtafutia watu wa kuwaibia. Na kutafuta unajua! Umewapelekea wanawake wa Nairobi waliowahi kutazama mikoba, wengine wao wafuasi wangu mimi, niliowakusanya kwa jasho.

Juzi mama mmoja kutoka Githurai alipanda ngazi hadi dukani, simu mkononi, tangazo liko wazi kwenye skrini. Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua mzigo. Alimkuta binti peke yake, akatazama simu, akamtazama usoni, akatazama simu tena. "Ni wewe. Nirudishie pesa yangu." Akamshika mkono wa sweta na hakumwachilia. Nilipofika watu wamejaa mlangoni, wengine wameshaanza kurekodi. Nikamwambia, "Mama, tulia kidogo, keti tuzungumze." Nikamwonyesha ukurasa wetu, nikamwonyesha till (nambari ya duka ya kupokea M-Pesa) na jina linalotokea ukilipa, halafu tukalinganisha na nambari aliyotumia yeye. Akakaa kwenye stuli akanyamaza. Pesa ilikuwa ya zawadi ya bintiye aliyepata kazi. Tangu siku hiyo msichana wangu hataki kupigwa picha, na akitoka kwenda stage anavaa barakoa. Yeye ndiye anayeonekana mwizi, huku mwizi mwenyewe hana sura.

Nikaripoti. Nikawaambia wateja waripoti, nikaomba hadi kikundi cha chama chetu kiripoti. Jibu lilikuja haraka kweli, sijui nani alilisoma kwa kasi hiyo: wamekagua na tangazo halikiuki viwango vya jamii. Jamii gani hiyo?

Na msidhani ni mfumo mlegevu kwa kila mtu. Wiki hiyo hiyo tangazo LANGU lilikataliwa. Nilikuwa nimebusti (nimelipia posti isambazwe) mkoba mmoja mzuri, nikaandika "ngozi halisi ya ng'ombe". Wakasema nakiuka sera ya kuuza wanyama. Wanyama! Nimekata rufaa, nasubiri. Tapeli yuko hewani, mimi nimefungiwa kwa sababu ya ng'ombe aliyekufa zamani.

Nilikuwa nafikiri ni uzembe. Halafu nikasoma habari iliyotolewa na Reuters Novemba 2025, kutoka nyaraka za ndani za Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp. (Hii ni habari ya hadharani, kesi yangu iko pembeni.) Kampuni yenyewe ilikadiria kwamba karibu asilimia 10 ya mapato yake ya 2024, kama dola bilioni 16, yangetoka kwa matangazo ya utapeli na bidhaa zilizopigwa marufuku. Nyaraka zilikadiria pia kwamba watumiaji walikuwa wakionyeshwa matangazo ya utapeli yenye hatari kubwa bilioni 15 kwa siku. Kampuni ilijibu kwamba makadirio hayo yalikuwa ya juu juu, yalijumuisha mengi kupita kiasi, na kwamba inapambana na utapeli. Sawa, nimewapa nafasi yao ya kujitetea.

Lakini kuna kipande ambacho nilikisoma mara mbili. Mtangazaji alikuwa anafungiwa ikiwa tu mitambo yao ina uhakika wa asilimia 95 kwamba ni tapeli. Kama wanamshuku lakini uhakika haujafika hapo, wanamtoza bei ya juu zaidi. Wanasema ni ya kumvunja moyo. Hebu fikirieni kanjo, askari wa kaunti, amemshuku mtu anachomoa watu simu pale soko la Gikomba, na badala ya kumpeleka kituoni anamwambia endelea, ila leo utatoa mara mbili. Pesa inaingia mfukoni mwa nani? Na aliyechomolewa simu amepata nini?

Tena ukibofya tangazo la utapeli mara moja, mtambo unadhani unalipenda aina hiyo, unakuletea mengine. Yule mama wa Githurai simu yake sasa imejaa: mikoba ya 950, kazi za nje ya nchi za kulipia fomu, watu maarufu wenye sauti za kutengenezwa wakikuambia uwekeze elfu kumi upate laki. Ametapeliwa mara moja, kwa hivyo amewekwa kwenye orodha ya wanaotapelika.

Kwa wasiojua mambo haya yanavyokwenda: kila ukifungua programu, nafasi ya tangazo inapigwa mnada papo hapo. Anayetangaza anatoa dau, mtambo unakadiria uwezekano wa wewe kubofya, na mshindi anaonekana. Sasa mkoba wa 950 na wa 2,800, upi utabofywa zaidi? Mwenye mkoba wa uongo anaweza kuandika bei yoyote maana hatatoa kitu. Mimi nina kodi ya kibanda, leseni ya kaunti, mshahara wa binti, na nikibusti naongezewa VAT ya asilimia 16. Ninashindana mnadani na mtu ambaye gharama yake ni laini ya simu.

Na mtu asiniambie niache kulipia niweke picha za bure kama zamani. Zamani ipi? Huko nyuma, 2012, Facebook wenyewe walisema posti ya ukurasa huwafikia kama asilimia 16 ya wafuasi wake kwa wastani, na watu walilalamika ni kidogo. Januari 2018 wakatangaza kwamba marafiki na familia watatangulizwa na kurasa za biashara zitapungua. Leo ningepewa hiyo 16 ningechinja mbuzi. Tuliambiwa tujenge wafuasi, tukajenga, tukaandika jina la ukurasa mpaka kwenye mifuko ya kubebea, sasa tunauziwa wafuasi wetu wenyewe kwa dau.

Nikahamia status ya WhatsApp, nikasema hapa angalau niko na watu wangu. Wenye kuianzisha walikuwa wakiapa kwamba haitawekwa matangazo. Ikanunuliwa na Facebook 2014, na Juni 2025 wakatangaza matangazo yanaingia, na mahali palipochaguliwa ni hapo hapo kwenye status. Basi.

Sheria je? Tunayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na sura ya mtu ni data yake. Mwaka 2023 kilabu kimoja hapa Nairobi kilitozwa shilingi 1,850,000 na Kamishna wa Data kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ruhusa yake. Vizuri sana. Sasa sura ya msichana wangu imetumiwa kwenye tangazo la wizi, na kampuni iliyolipwa kulionyesha inaniambia halina kosa. Hiyo nayo itatozwa ngapi? Ile hadithi ya kwamba kampuni hizi ziko mbali na hazishikiki pia imeanza kuzeeka. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilikubali Meta ishtakiwe hapa hapa Kenya, kwenye kesi za vijana waliokuwa wakikagua maudhui yake Nairobi. Wao walikuwa zaidi ya mia moja na mawakili, mimi nina kibanda.

Polisi nimefika, nina OB (nambari ya kitabu cha matukio cha kituo), afisa alikuwa mpole akaandika kila kitu, kisha akaniuliza ofisi za huo mtandao ziko barabara gani. Tulitazamana.

Kwa hivyo naomba msaada wa kweli. Kuna mtu humu aliyewahi kufanikiwa kuondoa tangazo la kulipiwa lenye picha zake? Alipitia wapi, ofisi ya Kamishna wa Data, wakili, ama alimjua mtu ndani? Ilichukua muda gani? Na kama umetuma pesa kwa ukurasa wenye vigae vya kijivu na kioo chenye ufa, niandikie inboksi na ujumbe wako wa M-Pesa, tuunganishe malalamiko yawe faili moja, mmoja mmoja hatusikiki.

Wa kuniambia "bonyeza vitone vitatu halafu ripoti" apite tu.