Misuli ya mgongo na ya tumbo ya kifaranga: je, chanzo chake ni kimoja?

Mwanafunzi_Zuolojia
Ndugu zangu, habari zenu. Nikisoma kuhusu ukuaji wa kiinitete cha kuku, nimekuta maelezo kwamba misuli yote ya kiwiliwili, ile iliyolala kando ya uti wa mgongo pamoja na ile ya katikati ya mbavu na ya ukuta wa tumbo, hutokana na vifungu vya seli viitwavyo somiti. Ninapokwama ni hapa: ikiwa somiti moja huzaa mifupa, ngozi na misuli, kila seli hujuaje itakuwa nini? Tena, ilithibitishwaje kwamba msuli wa tumbo, ulio mbali na mgongo, nao umetoka huko?

Mwalimu_Kiinitete
Nianze na swali la kwanza. Baada ya yai kuatamiwa kwa takriban siku moja, somiti huanza kujitokeza mbili mbili, moja kila upande wa mrija wa neva (chanzo cha ubongo na neva kuu ya mgongo), kuanzia kichwani kuelekea mkiani, na jozi mpya hutokea kila baada ya dakika 90 hivi. Somiti changa bado haijaamua lolote. Watafiti waliwahi kuikata ile iliyotoka kuundwa na kuigeuza, sehemu ya juu ikawa chini, na bado ikakua kama kawaida. Jambo hilo halingewezekana kama kila seli ingekuwa imekwisha kupangiwa kazi yake.

Maelekezo basi hutoka kwa majirani. Notokodi, ufito wa seli ulio chini ya mrija wa neva, hutoa protini ya ishara iitwayo Shh, na seli za somiti zilizo karibu nayo huwa sklerotomu, yaani chanzo cha pingili za uti wa mgongo na mbavu. Seli za juu hubaki zimeshikamana kama utando uitwao dermomiotomu, na kingo za utando huo ndizo zinazotoa seli za kwanza za misuli. Protini za Wnt kutoka sehemu ya juu ya mrija wa neva huchochea misuli upande wa ndani, ulio karibu na mrija huo, ilhali protini ya BMP4 inayotoka ubavuni huzichelewesha seli za upande wa nje zisikomae mapema.

Kware_na_Kuku
Swali la pili lilijibiwa kwa msaada wa kware. Mwaka 1969 Nicole Le Douarin, mtafiti wa Ufaransa, alieleza kwamba kiini cha seli ya kware kina bonge la kromatini (DNA pamoja na protini zake) ambalo kiini cha seli ya kuku hakina, kwa hiyo seli za ndege hao wawili zikichanganyika hutambulikana kwa hadubini. Kwa maoni yangu, hiyo ni miongoni mwa mbinu bora kabisa katika baiolojia ya ukuaji, kwa sababu alama yenyewe ni ya asili na haififii seli inapogawanyika. Somiti ya kuku iliondolewa, ikapandikizwa ya kware mahali pale pale, na yai likaachwa liendelee kukua. Nyuzi za misuli ya ukuta wa tumbo zilikutwa na viini vya kware, ilhali tishu unganishi iliyozizunguka ilikuwa ya kuku mwenyewe.

Mwaka 1992 mtafiti Ordahl na Le Douarin walipandikiza nusu nusu: nusu ya ndani ya somiti ilitoa misuli ya mgongo, na nusu ya nje ikatoa ile ya ukuta wa mwili na ya viungo vya kutembelea na kurukia.

Mwanafunzi_Zuolojia
Nashukuru sana. Je, seli za nusu ya nje husafiri zenyewe hadi tumboni? Na misuli ya mgongo ikitegemea mrija wa neva, ile ya tumbo nayo inautegemea?

Mwalimu_Kiinitete
Inategemea mahali. Kwenye usawa wa bawa na wa mguu, seli hubanduka moja moja na kuhama. Kati ya sehemu hizo mbili hazibanduki: ukingo wa nje wa dermomiotomu hurefuka ukiwa mzima na kuteremka ndani ya ukuta wa mwili, kama mkeka unaokunjuliwa.

Kuhusu mrija wa neva, jibu ni hapana. Viinitete vilivyoondolewa mrija huo pamoja na notokodi vilikosa misuli ya kando ya uti wa mgongo, lakini misuli ya ukuta wa mwili na ya viungo ilijiunda.

Kware_na_Kuku
Niongeze moja kuhusu misuli ya mgongo. Nyuzi zake za kwanza hunyooka kutoka ukingo wa mbele wa somiti hadi wa nyuma, lakini pingili haifuati mipaka hiyo: huundwa kwa nusu ya nyuma ya somiti moja na nusu ya mbele ya ile inayofuata. Kwa hiyo uzi wa msuli uliozaliwa ndani ya somiti moja hujikuta umevuka kiungo na kushika pingili mbili, na unapojikunja ndipo mgongo unapopinda.