Harufu ya kuungua kutoka kwenye hita kuu ya umeme: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Uzi huu ni wa wenzetu wenye hita kuu ya umeme nyumbani, ile mashine moja inayopasha hewa kwa koili (nyaya zinazowaka moto umeme ukipita), kisha feni kubwa inaisukuma kupitia mabomba mpaka kila chumba. Baridi ikianza tu, swali ni lile lile: nimewasha, nasikia harufu ya kuungua, nizime au niache? Jibu la haraka huwa "vumbi hilo, litaisha". Mara nyingi ni kweli. Linanitia hofu kwa sababu ya zile mara chache ambazo si kweli.

Mwenye kisa atueleze harufu ilikuwa ya namna gani, ilidumu kiasi gani, na fundi alikuta nini. Naanza mimi.

Kwangu ilitokea katikati ya msimu, hita imeshafanya kazi siku nyingi bila tatizo, kwa hiyo vumbi nikaliondoa kwenye hesabu. Ilikuwa harufu ya plastiki iliyopata moto, inakwaruza koo. Ilikuja kwa vipindi: hita ikifanya kazi kwa nguvu zote inasikika, ikipumzika inapotea. Nikashusha themostati, yaani kidhibiti cha joto cha hita, nikaenda kwenye sanduku la umeme kuzima swichi zake. Zilikuwa mbili. Hili naomba mlishike, maana hita kubwa mara nyingi hulishwa na saketi zaidi ya moja. Ukizima swichi moja ukaridhika, ndani bado kuna umeme.

Fundi alifungua kifuniko, akapima kwanza kuhakikisha umeme haupo, ndipo akamulika tochi. Waya mnene unaoingia kwenye koili mojawapo ulikuwa na ganda la kahawia karibu na skrubu, limekakamaa na kupasuka-pasuka kwa urefu wa kidole. Ukienda mbele kidogo, waya ule ule ni mwekundu, laini, mzima kabisa. Akaigusa skrubu kwa bisibisi, ikazunguka yenyewe bila ubishi.

Alinifafanulia vizuri. Koili ya kilowati 5 kwenye volti 240 inavuta ampea 21 hivi. Kiungo kikilegea na kuleta ukinzani wa omu 0.1 tu, pale pale panazalishwa joto la wati 44, kwenye sehemu ndogo kuliko ukucha. Na swichi ya usalama, ile ya kwenye sanduku la umeme, haikati, kwa sababu umeme unaopita haujazidi kiwango. Yenyewe inaona kila kitu kiko sawa. Anayeona tatizo ni pua yako.

Hakukaza skrubu tu na kuondoka. Alikata sehemu yote iliyoungua, akaweka kichwa kipya cha waya, akabadilisha na kile kishikio, kwa maana chuma kikishaungua hakishiki tena vizuri. Kisha akakagua skrubu za koili zote.

Mama Pacha

Asante kwa uzi huu. Kwangu ilikuwa vumbi kweli, nieleze tu lilivyokuwa ili watu watofautishe. Siku ya kwanza ya msimu, harufu kavu, kama pasi iliyowekwa muda mrefu bila kutumika ukaichomeka. Ilitoka kwenye matundu ya vyumba vyote kwa pamoja, hakuna moshi, hakuna harufu ya plastiki. Tukafungua madirisha na kabla ya saa moja kuisha ilikuwa imepungua sana. Siku iliyofuata hatukuisikia kabisa. Siku hizi kabla ya baridi nazima umeme wake kwanza, halafu nanyonya vumbi kwenye matundu na sehemu ya chujio.

Mkazi wa Juu

Mama Pacha, umesema vizuri hapo kwenye "kupungua". Ikiwa inaongezeka badala ya kupungua, hilo si vumbi.

Yangu ilikuwa chujio. Hewa ilitoka dhaifu, hita inawaka na kuzima kila baada ya muda mfupi, na kuna harufu ya chuma cha moto. Chujio lilikuwa limeziba mpaka huoni mwanga ukiliinua kwenye taa. Feni ikikosa hewa ya kuvuta, koili hazipozwi, zinawaka kupita kiasi mpaka swichi ya joto inakata. Zikipoa inarudi, zikizidi inakata tena. Swichi ile imewekwa kwa dharura, na ikifanyishwa kazi hivyo kila siku inachoka. Yangu ilibidi ibadilishwe pamoja na chujio.

Fundi Mstaafu

Shikamooni wakubwa, vijana hamjambo. Nimefanya kazi ya hita kwa miaka mingi, naomba niongeze mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni rilei, yaani swichi zinazojiwasha na kujizima zenyewe, zinazowasha koili kwa zamu. Hita ya koili nne haiwashi zote kwa mpigo, ingeshtua umeme wa nyumba nzima. Kuna rilei za joto zinazoingiza koili moja, baada ya muda kidogo ya pili, na kuendelea, na kuzima vivyo hivyo. Kasoro yake mbaya ni pale rilei inapong'ang'ania. Themostati imeshasema tosha, feni imesimama, lakini koili moja imebaki inawaka kwenye hewa tuli. Mwenye nyumba ananiambia: "Fundi, harufu inakuja hita ikiwa imezima." Nikisikia sentensi hiyo najua pa kuanzia. Ukikuta hivyo usisubiri asubuhi, zima swichi zake zote kwenye sanduku usiku huo huo.

La pili ni mota ya feni. Mota ikiungua ina harufu yake, ni varnishi ya nyaya za ndani, chungu, inakaa kwenye nguo. Kabla ya hapo mota huwa imeshalalamika: inavuma bila kuzunguka, au inaanza polepole, au inalia mlio wa beringi zilizokauka. Mara nyingi kilichochoka ni kapasita tu, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya kuisaidia mota kuanza, na ikibadilishwa mapema mota inapona. Lakini msiiguse wenyewe, kapasita hubaki na chaji hata umeme ukiwa umezimwa.

Kuhusu swichi ya usalama iliyokata: ukiirudisha ikakata tena, iache. Nimefungua hita ambazo mtu alirudisha na kurudisha mpaka waya ukaungana na bodi. Swichi ikikata inakuambia kuna shoti au mzigo umezidi, na kuirudisha hakuondoi hata kimoja.

Mpangaji

Mimi ilikuwa harufu ya shombo. Nimeosha sinki, nimemwaga taka, nimesogeza kila kitu, shombo iko pale pale. Mwenye nyumba akashikilia ni panya amefia kwenye bomba la hewa. Nilichogundua mwenyewe ni kwamba inakuja hita ikiwaka, na inazidi ukisogelea sanduku la umeme, wala siyo kwenye matundu ya hewa. Nilipoweka kiganja juu ya kifuniko cha sanduku, kilikuwa na joto.

Nikazima, nikaita fundi umeme siku hiyo hiyo. Swichi ya hita ilikuwa imeyeyuka upande wa ndani pale inaposhika, nje huoni kitu. Aliniambia baadhi ya plastiki za vifaa vya umeme zikipata joto sana hutoa harufu hiyo hiyo ya samaki. Hita yenyewe haikuwa na kasoro yoyote.

Fundi Mstaafu

Mpangaji, umefanya vyema sana. Shombo isiyo na chanzo ni dalili ambayo wengi hawaijui, na inapoteza muda wa watu wakitafuta mnyama aliyekufa.

Baba Junior

Ya kwetu fupi. Harufu ya nta na plastiki kutoka tundu moja tu, la chumba cha watoto. Kalamu za rangi zilidondoshwa humo zikayeyuka. Tukatoa, tukasafisha, imeisha. Kwa hiyo angalieni pia: ni tundu moja au yote?

Mgeni Hapa

Wakuu naomba kuuliza. Nikisikia harufu, nizime hita na feni, au niache feni ipoze koili? Na hita ya umeme inaweza kutoa ile gesi ya sumu isiyo na harufu?

Fundi Mstaafu

Swali zuri, mgeni. Kama ni harufu ya vumbi ya mwanzo wa msimu, shusha themostati na acha feni ipeperushe. Kama ni plastiki, shombo, varnishi, au ukiona moshi hata kidogo, zima kila kitu pamoja na feni, kwa sababu feni itasambaza moshi nyumba nzima na kuupa moto hewa.

Gesi unayosema, monoksidi ya kaboni, hutoka pale kitu kinapoungua. Hita ya umeme haichomi mafuta wala gesi, kwa hiyo ikiwa nzima haiitoi. Lakini waya au plastiki vikishika moto, moshi wake una sumu. Moshi ukiendelea kutoka baada ya kuzima, usifungue kifuniko kuchungulia. Toeni watu wote nje, piga simu zimamoto ukiwa huko nje, na waambie kabisa kuwa ni moto wa umeme. Maji yasiguse.

Mwanzisha uzi

Shukrani mzee wangu. Mgeni, kabla fundi hajafika andika mahali: harufu ilianza lini, hita ilikuwa inawaka au imezima, tundu moja au yote, na kama swichi ilikata yenyewe au uliizima wewe. Fundi wangu aliuliza hayo manne kabla hajashika bisibisi.