Tupeane uzoefu: Sonny na Cher kwenye TV, wewe walikukuta wapi?

Bint Pangani

Habari zenu wakuu. Juzi usiku nikiwa zamu, chaneli moja ya marudio ikaweka kipindi cha Sonny na Cher, wale waimbaji wa Marekani, mume na mke, waliokuwa wanaimba na kutaniana kwenye TV miaka ya sabini. Nikajikuta nimesimama na beseni mkononi, machozi yananitoka. Najua tupo wengi tunaohudumia wazee huku Marekani, na wazee wa rika lile ukikaa nao, hawa wawili huwakwepi.

Kuna bibi nilikuwa namhudumia Minnesota. Kumbukumbu ilikuwa imemtoka, hata jina la mwanawe hana. Mumewe kila Jumapili anakuja na DVD ya kipindi hicho. Mnajua kinavyoanza: wimbo wa kwanza ukiisha, Sonny anajisifu, Cher anamtazama kutoka juu maana kamzidi urefu, kisha anamrushia dongo. Basi mzee naye anavuta kola, anasema, "Leo hakuna mwanaume aliyependeza kama mimi jengo zima." Na bibi, aliyeshinda kimya tangu asubuhi, anamjibu, "Simama basi tukuone." Mzee tayari amesimama! Watacheka hao mpaka bibi akohoe. Wiki nzima nilikuwa naingoja ile dakika kuliko mshahara.

Jumapili moja ya Februari mzee akasema neno lake, bibi kimya. Akasema tena. Akajinyoosha, akavuta kola, akasema mara ya tatu. Bibi akanigeukia mimi, akaniuliza yule baba anamtafuta nani.

Mzee akaniomba nisizime TV. Akakaa mpaka mwisho, pale wanapotoka na mtoto wao mdogo kuwaaga watazamaji, akavaa koti akaondoka. Mimi nilijifungia chumba cha mashuka.

Tupeane uzoefu jamani. Wewe walikukuta wapi?

Kijana wa Ilala

Dada, umenimaliza. Nipo Houston, babu wangu wa zamu ya usiku ni Cher tu. Sonny akianza kuongea anageukia ukuta.

Mzee wa Kitambo

Mimi niliwaona mbichi. Mwaka 1973 nilikuwa mwanafunzi Ohio, tunajazana chumba kimoja chenye TV, Jumatano usiku, chaneli ya CBS. Nusu ya watu wanangoja vichekesho, nusu wanangoja kuona Bob Mackie kamshonea Cher gauni gani.

Vijana hamjui walikotoka. Mwaka 1965 "I Got You Babe" iliwapandisha hadi namba moja Marekani. Miaka michache baadaye upepo ukageuka, filamu ziliwala fedha, deni la kodi juu yao. Wakaenda kuimba vilabu vya usiku mbele ya watu wanaokunywa na kupiga kelele. Cher akachoka, akaanza kuwajibu wale walevi. Sonny akimkanya, anamgeukia Sonny. Watu wakacheka. Ule utani mnaousifu ulizaliwa pale, shida ikiwa mlangoni. CBS wakawapa nafasi Agosti 1971, kipindi cha kiangazi tu, wakakipenda, Desemba wakakirudisha.

Nyundo ya Seremala

Mimi nitasema ukweli hata mkinichukia. Mke anamdhalilisha mume mbele ya taifa zima kila wiki, unategemea nini? Ndoa ilikufa kwa ulimi.

Mama Wawili

Ndoa haikufa kwa ulimi, soma kwanza ndugu yangu. Kampuni iliitwa Cher Enterprises. Sonny alikuwa na asilimia 95, mwanasheria wao 5. Cher mwenye jina lake alikuwa mwajiriwa! Amelieleza mwenyewe. Yale madongo aliyaandikiwa na waandishi wa kipindi, Steve Martin alikuwa mmoja wao. Alichokuwa anafanyiwa nyumbani hakikuandikwa na mtu.

Nyundo ya Seremala

Sonny ndiye aliyemtoa. Walikutana 1962 binti ana miaka 16, hana mbele wala nyuma.

Mama Wawili

Na Sonny alikuwa na 27. Asante kwa kunisaidia hoja.

Kijana wa Ilala

Ngoja nivute kiti.

Sauti ya Bandari

Nilikuwa nasoma tu, ila mmenigusa penyewe. Mimi na baba watoto wangu tulikuwa na bendi ya harusi Mombasa, miaka tisa. Yeye gitaa, mimi sauti, na katikati ya nyimbo tunataniana. Mimi nasema, "Huyu bwana nikimtuma chumvi, anarudi na wageni." Yeye anajibu, "Wageni wamefuata harufu ya mchuzi wako, wamekuja kuzima moto." Ukumbi unalia kwa kicheko. Watu walikuwa wanatuita kwa ajili ya hayo maneno kuliko nyimbo.

Tuliachana Jumatatu. Jumamosi tuna harusi, na advansi tumeshaila. Nikasema tutakwenda, kazi ni kazi. Tukapanda magari mawili tofauti, tukavaa sare, tukapanda jukwaani.

Nikafika kwenye chumvi. Nikalisema lile neno kama siku zote. Yeye akashika gitaa lisilie, akanitazama, akasema taratibu kwenye maiki, "Na kesho nitatumwa na nani?"

Ukumbi mzima ulipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo! Koo langu lilifunga. Mpiga kinanda akaona, akaingiza chakacha haraka, nikasimama pale nacheza bila kuimba ubeti mzima. Bibi harusi akaja kunitunza, akaninong'oneza, "Dada, Mungu atupe ndoa kama yenu."

Miaka ikapita, nikaona kwenye intaneti kipindi chao cha pili, cha 1976. Talaka imetoka mwaka uliotangulia, Cher kaolewa na mwanamuziki mwingine, Gregg Allman, ana mimba yake, na yuko pale pale pembeni ya Sonny, yale yale madongo. Nilisimamisha video nikamtazama usoni. Najua anachomeza kila akitabasamu.

Bint Pangani

Dada yangu. Pole sana. Nimesoma mara mbili.

Kijana wa Ilala

Na kesho nitatumwa na nani... Mimi siwezi kulala leo.

Nyundo ya Seremala

Pole dada. Huyo bwana alikuwa anaomba kurudi. Mrudiane.

Mama Wawili

Asirudi popote! Kama anaomba aombe nyumbani, si kwenye maiki.

Fundi Spika

Poleni wote. Ila naomba kuuliza la kitaalamu: miksa na spika nani alichukua?

Sauti ya Bandari

Alichukua yeye. Vyombo nilimwachia kwa moyo mmoja. Kinachoniuma ni nyimbo. Nilitunga mimi, zimesajiliwa kwa jina lake.

Mama Wawili

Hapo usinyamaze. Cher alifungua kesi 2021 dhidi ya mjane wa Sonny kuhusu mirabaha, na 2024 mahakama ikaamua upande wake. Kilichombeba ni makubaliano ya talaka ya 1978. Tafuta madaftari, rekodi za zamani, chochote chenye mwandiko wako na tarehe. Kisha mwanasheria.

Nyundo ya Seremala

Mwanasheria atakula zaidi ya nyimbo zenyewe. Kaeni na wazee wa pande zote mbili kwanza. Ila kwenye hili la nyimbo nipo na wewe dada, ni jasho lako.

Mzee wa Kitambo

Sonny alipofariki Januari 1998, kagonga mti akicheza skii kwenye theluji, aliyesimama mazishini kumzungumzia ni Cher. Analia, karatasi zinamtetemeka mkononi. Miaka zaidi ya ishirini tangu waachane. Mke wangu, Mungu amrehemu, tulimtazama pamoja siku ile. Hakusema kitu, alinishika mkono tu.

Bint Pangani, yule mzee wako alirudi?

Bint Pangani

Alirudi mzee wangu, Jumapili iliyofuata, na DVD yake. Akavuta kola, akasema hakuna aliyependeza kama yeye. Akangoja kidogo. Kisha akajijibu mwenyewe, kwa sauti ya mkewe, "Simama basi tukuone."

Jumapili nyingine bibi alikuwa anacheka, nyingine hapana. Alifanya hivyo mpaka Juni.