Tupeane uzoefu: umeachana na vyakula vya pakiti ukaanza kupika mwenyewe? Ilikuwaje?

MamaPacha, Kireka

Habari za jioni ndugu zangu. Mwezi wa pili nilimsindikiza shangazi kliniki, foleni ikawa ndefu, nikaona bora na mimi nipimwe presha. 158 kwa 97. Nina miaka 38. Shangazi mwenye miaka 70 na kitu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na mpaka leo hajamaliza kunicheka.

Daktari aliniuliza ninakula nini. Nikamjibu, "Vya kawaida tu." Akasema haya, vitaje. Asubuhi mkate wa slesi uliopakwa siagi ya kopo, na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Mchana chipsi na soseji pale karibu na kazini. Jioni wali na mchuzi ambao bila vile vidonge vya kukoleza ladha watoto hawaugusi. Nilipofika kwenye soda nikaona aibu, nikanyamaza. Vya kawaida vyangu vyote vilitoka dukani vikiwa vimefungwa tayari.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia supamaketi. Shayiri ya kutoka nje, mbegu za chia, asali ya chupa nzuri. Karibu shilingi elfu tisini za Uganda zikayeyuka wiki moja na watoto wakagoma kula. Aliyenizindua ni mama anayeniuzia mboga: "Nnyabo (mama), unahangaika nini na nakati, mboga ya majani, iko hapa?" Tangu siku hiyo ni katogo (mchanganyiko unaopikwa pamoja) ya matooke, yaani ndizi za kupika, na maharage asubuhi, dodo (mchicha), ntula (nyanya chungu), mchuzi wa binyebwa (karanga), na chumvi naipima kwa kijiko, simwagi kwa kiganja tena.

Ila jamani, mkaa! Kila mtu anasifia chakula cha nyumbani, hakuna anayetaja mkaa. Maharage makavu yanakula sigiri nzima. Na muda nao: natoka kazini saa kumi na mbili, Jinja Road imefunga, nafika saa mbili usiku. Saa hizo nani anamenya matooke?

Kwa hiyo naomba uzoefu wa mikono yenu wenyewe. Mliposhindwa semeni pia.

Bodaboda Mstaarabu, Bwera

Mama, maharage usiyachemshe makavu. Loweka tangu asubuhi unapotoka, jioni mwaga yale maji, weka mapya. Yakichemka kwa nguvu nusu saa hivi, epua sufuria na kifuniko chake, ifunge kwa blanketi kuukuu, iweke ndani ya kikapu chenye majani makavu ya ndizi. Kalale. Asubuhi unakuta yameiva yenyewe kwa joto lake, unayarudisha motoni kidogo tu kuyapasha. Mama yangu alifanya hivi kabla mkaa haujawa ghali, yeye alikuwa anakwepa kuokota kuni.

Yale yaliyolowekwa vizuri unaweza kuyamenya maganda, ukayapika mpaka yapondeke, ukatia samli kidogo. Huku na Tooro tunaita firinda. Mtoto aliyekataa maharage hulamba sahani.

Mimi mwenyewe lakini? Nashinda barabarani. Nakula rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na kikomando (chapati na maharage) kama wenzangu. Nilichobadilisha ni kimoja: namwambia jamaa wa chapati anikaangie mayai na nyanya na kabichi nyingi, na mafuta asimimine, apake. Mwanzoni alinuna. Sasa ananiita "afande wa mafuta".

Mwalimu wa Zamu, Mukono

@Bodaboda umenikumbusha jambo. Kule Brazil, Chuo Kikuu cha São Paulo, Carlos Monteiro na wenzake walivigawa vyakula mafungu manne kwa kuangalia kiwanda kimevifanya nini. La kwanza ni vile ambavyo havijaguswa au vimeguswa kidogo: matooke, maharage, mayai, maziwa, hata unga wa mahindi. La pili ni viungo vya jikoni kama mafuta, chumvi na sukari. La tatu ni vya kwanza vilivyotengenezwa kwa vya pili, mfano jibini au samaki wa kutiwa chumvi. La nne ndilo la soseji, soda, biskuti na vidonge vya MamaPacha, ambavyo ukisoma karatasi yake unakuta majina ambayo hayapo jikoni kwa mtu yeyote.

Kwa kipimo hicho rolex ya mtaani haimo fungu la nne. Ni unga, yai, mafuta, nyanya. Ubaya wake ni mafuta na chumvi, na hayo unaweza kuzungumza na mpishi. Soseji huwezi kuzungumza nayo.

Odii Nyumbani, Gulu

Nitasema la karanga kwa sababu limenigusa.

Sisi Waacholi bila odii hakuna mboga. Ni karanga na ufuta vilivyokaangwa vikasagwa pamoja mpaka vikatoa mafuta yake. Unatia kwenye malakwang, yale majani machachu, unakula na viazi vitamu. Hakuna mafuta ya kopo wala kidonge, na ladha imejaa. Nyumbani tunachanganya vikombe viwili vya karanga na kimoja cha ufuta, wengine wanageuza hesabu, tusigombane.

Nilipohamia mjini nikawa mvivu. Nikanunua karanga zilizokwisha sagwa, zile za kwenye kavera (mfuko wa plastiki) sokoni, bei ya chini kuliko karanga nzima. Nikajisifu kwamba nakula vya asili. Siku moja nikakaa na muuzaji mmoja nikisubiri mvua iishe, nikaona anachofanya. Nzima na nzuri anaweka kando auze nzima. Zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zenye ukungu, zinaenda mashineni. Zikishakuwa unga utajuaje?

Ukungu ule ndio unaleta sumukuvu, na sumukuvu inaharibu ini na huleta saratani yake. Haifi kwa kupikwa. Ukaange, uchemshe, ipo. Ndiyo hiyo hiyo iliyofanya Kenya isimamishe mahindi yetu na ya Tanzania mwezi wa tatu 2021. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, kitu ambacho jicho halioni wala ulimi hauonji.

Sasa nanunua karanga zenye maganda ya nje, nazibangua mwenyewe Jumapili na watoto, tunatoa kila iliyojikunja au yenye doa. Kuku hatuwapi zile mbaya, tunazitupa. Halafu ndiyo tunakaanga. Mkono unauma, nakiri. Lakini nisingependa mtu asome uzi huu akadhani kila kisicho na nembo ni salama.

MamaPacha, Kireka

@Odii umenivunja moyo, nina kilo mbili za unga wa binyebwa ndani ya ndoo. Nimeufungua sasa hivi kunusa. Unanukia vizuri.

Odii Nyumbani, Gulu

Harufu haisaidii, dada. Mimi ningemwaga.

Mama Sombe, Nakivale

Mimi ni Mkongo, niko hapa kambini miaka kumi na moja. Ninyi mnachagua kuacha pakiti, sisi mgao ulipopunguzwa pakiti zilituacha zenyewe.

Nina kipande kidogo nyuma ya nyumba. Nimepanda muhogo kwa ajili ya majani zaidi ya mizizi. Sombe ya kweli inataka kinu. Natwanga majani mpaka yawe laini kabisa, kisha nachemsha bila kufunika, muda mrefu, sumu ya muhogo itoke. Ndipo natia kitunguu, biringanya, dagaa waliosagwa, na mawese kijiko kimoja. Kwetu tulikuwa tunamimina mawese mpaka sahani inawaka nyekundu, siku hizi ni kijiko. Bei imenifundisha kuliko daktari.

Kitu cha pili ni viazi vya rangi ya chungwa. Tulipewa mbegu za kamba (marando), nikapanda bila imani kwa sababu vinaonekana kama boga. Watoto wanavipenda, ni vitamu. Mhudumu wa afya alisema vina vitamini A ya macho, ila tuvile na mafuta kidogo, ndiyo mwili unaichukua. Kwa hiyo nasaga karanga juu yake. Nitazibangua mwenyewe sasa, nimesoma hapo juu.

Mwalimu wa Zamu, Mukono

Mama Sombe, viazi hivyo vina historia ya hapa hapa. Mganda Robert Mwanga ni mmoja wa watu wanne waliopata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mbegu kama Kabode imetoka kwenye kazi yake. Wanafunzi wangu wanawajua wachezaji wote wa Arsenal, huyu hawamjui.

Dagaa Mkavu, Busia

Nauza mukene (dagaa), nitasema ukweli wa biashara. Kuna wa kuanikwa kwenye chanja na kuna wa kuanikwa mchangani. Wa mchangani kwa haki ni wa chakula cha kuku, ila wakiisha kufika sokoni kuna wauzaji wanaowachanganya. Chukua mmoja, mvunje, tafuna. Ukisikia mchanga, rudisha.

Nyumbani: maji ya uvuguvugu mara mbili, suuza, kausha juani, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike wakilia. Saga. Kijiko kimoja kwenye uji wa mtoto. Unamla mzima na mifupa, chokaa ya mwili, yaani kalisiamu, iko hapo.

Mzee wa Bombo

Vijana, mnaandika sana. Kula luwombo, lala.

Nesi Mstaafu, Mbale

Mzee wa Bombo luwombo nakubali, jani la ndizi na mvuke havimdhuru mtu. Uliloliacha ni chumvi unayonyunyiza juu yake kabla hujaonja, nawajua wazee wangu.

Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku kwa mtu mzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Vidonge vya kukoleza ni chumvi tayari. Wengi wanatia kidonge halafu wanatia na chumvi, hapo ndipo mwanzo wa hadithi ya MamaPacha. Utamu utafute kwingine: nyanya zilizopikwa hadi zikakauka, kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, au malewa. Sisi huku Bugisu machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi yakipikwa na binyebwa hayahitaji msaada wa kiwanda.

Na juisi. Watu wameacha soda wakahamia juisi ya pasheni ya nyumbani yenye vikombe viwili vya sukari kwenye jagi. Mwili haujui kama sukari uliitia wewe au kiwanda. Asali pia msijidanganye nayo. Chai nayo isiandamane na chakula, hasa kwa wajawazito, inazuia damu kupata chuma kutoka kwenye maharage na dodo. Subirini kama saa moja baada ya kula ndipo muinywe.

Nimekataa Tamaa, Ntinda

Sijawahi kula soseji. Nimekulia kwa kalo (ugali) ya wimbi, mboga za shamba na maziwa. Presha ninayo, vidonge nameza. Kwa hiyo tusiwaambie watu kwamba nakati inatibu. Baba yangu aliacha dawa kwa sababu ya maneno kama haya, akapooza upande mmoja.

MamaPacha, Kireka

@Nimekataa Tamaa asante, pole sana kwa mzee. Na mimi niweke wazi: kidonge kimoja nameza kila siku, tangu nirudi kliniki mara ya pili. Sasa nacheza kwenye 134, 136. Kipi ni cha kidonge na kipi ni cha dodo, sijui, na daktari naye hakunitenganishia.

Kikapu cha blanketi kimefanya kazi, @Bodaboda. Ule unga wa binyebwa nimeumwaga, roho iliniuma. Kilichobaki ni kinywaji. Watoto wanadai soda ya Jumapili.

Kigezi Damu, Kabale

Bushera, mama. Chukua mtama mwekundu, uchanganye na jivu la kuni lililochekechwa na maji, uloweke usiku. Jivu linaondoa ule ukali wa mtama. Toa, funika kwa majani ya ndizi siku mbili tatu uchipue, anika, sugua jivu litoke, saga. Huo ndio unga wenye kimea. Kama huna muda, masokoni Kampala unauzwa tayari, uliza watu wa Kabale.

Maji yaliyochemka unamimina juu ya unga, unakoroga usifanye madonge, unaacha yapoe mpaka kidole kivumilie. Unatia unga mwingine wa kimea kiganja kimoja. Kesho yake ni tamu bila sukari, ya watoto. Ikifika siku ya nne si ya watoto tena, hiyo niachie mimi. Na chombo usikikaze kifuniko.

MamaPacha, Kireka

Wapendwa, mrejesho. Saa tisa usiku tumesikia mlipuko jikoni. Baba Pacha katoka na panga, jirani kawasha taa, mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Dari ina bushera, sigiri ina bushera, kalenda ya ukutani imenata. Mapacha wanalamba meza wanasema ni tamu.

Kigezi Damu, Kabale

Ulikaza kifuniko?

MamaPacha, Kireka

Nilikaza. Kuna mende humu.

Kigezi Damu, Kabale

Kitambaa safi na uzi, mama. Anza upya.