Naomba ushauri: nimesamehe kwa mdomo, moyo bado mzito

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Niko Malindi, upande wa Muyeye. Mwaka 2016 kaka yangu mkubwa aliuza shamba la minazi aliloacha baba kule Gongoni, bila kutuambia sisi wadogo zake wala mama. Tulijua siku walionunua walipokuja na mashoka. Mama alikaa chini ya mnazi mmoja hadi jua likatua, hakusema neno.

Sasa kaka amerudi, mgonjwa, na ameokoka. Jumapili iliyopita alikaa benchi letu, na tulipoambiwa tupeane amani akaninyoshea mkono. Nikaushika. Umekonda, kucha zimepasuka. Nikasema nimekusamehe, kaka. Usiku ule sikulala, nahesabu minazi mmoja mmoja.

Petro aliuliza kama kusamehe mara saba kwatosha, Yesu akamjibu saba mara sabini (Mathayo 18). Zamani nilidhani ni makosa mengi. Kumbe kosa ni lile lile moja, nami inabidi nilisamehe upya kila kukicha. Hapo ndipo ninaposhindwa.

Mliopitia haya, nisaidieni. Naweza kumsamehe kweli huku nikibaki mwangalifu naye kwa mambo ya mali? Na nimwambie kwamba bado naumia, ama nitamzidishia ugonjwa? Mchungaji ameniambia niendelee kuomba, na naomba. Lakini Jumamosi anakuja kwangu kula, na mke wangu ameshaniuliza apike nini.